Wakala anataka dola 300 ili mwanangu awe mchezaji wa kulipwa. Nitoe?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka hapa Morogoro: madaftari, kalamu, sabuni, sukari, vitu vya kawaida. Baba watoto ni dereva wa malori ya Tunduma, kwa hiyo nyumba na duka vyote viko mikononi mwangu. Ninayekuandikia habari zake ni kifungua mimba wangu. Ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita, kapata daraja la pili na amechaguliwa chuo kikuu kusoma takwimu.

Shida ni gemu. Si zile za simu wanazocheza watoto wote. Hii ni ya kompyuta, inaitwa Counter-Strike, watu watano wanapigana risasi na wengine watano. Mjomba wake aliyeko Maskati alimtumia kompyuta yenye nguvu, tukaambiwa ni ya masomo. Chumba chake na duka langu vimetenganishwa na ukuta mmoja. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba nasikia: "Wawili Bi! Rudini Bi! Msinunue! Jamani nimesema msinunue!" Kuna siku mteja alikuwa ameshika daftari kubwa mkononi, akalirudisha kwenye rafu taratibu, akaniuliza, "Mama, kwani haya madaftari yana nini?"

Nikimwita anishikie duka dakika tano, anasema hawezi kutoka, mechi haisimami. Umeme wa LUKU ukiisha katikati ya mechi, ukiingia humo ndani utadhani tumefiwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshika simu yake, ukaingia ujumbe wa pesa, laki tatu na nusu, kutoka namba nisiyoijua. Nikamuuliza. Akanijibu bila wasiwasi, "Nimeuza kisu, mama." Miguu iliniisha nguvu. Kumbe ni kisu cha ndani ya gemu, picha tu, hukishiki wala hukatii kitunguu. Baba yake mdogo alipopata habari akasema hiyo ni kamari iliyovishwa kanzu, na mtoto ameshapotea.

Sasa amejitokeza mtu anayejiita wakala. Wanawasiliana kwa WhatsApp. Anasema amemwona mwanangu akicheza, kuna timu ya Ulaya inatafuta kijana, mshahara dola 2,000 kwa mwezi. Zinatakiwa dola 300 za usajili na viza, zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi. Namba ya kulipia ni ya mtandao wa hapa hapa nchini, ina jina la mwanamke. Mwanangu anataka nizitoe kwenye pesa niliyomwekea ya chuo. Alisema nikikataa atauza kompyuta apate hizo dola. Nikamuuliza, ukishaiuza utachezea nini huko Ulaya? Hapo alinyamaza.

Tena anataka mwaka huu asiende chuo kabisa. Ananitajia kijana wa Kirusi, sijui Donki, aliyekuwa bingwa akiwa na miaka 17, na kwamba yeye kwa miaka 19 ameshachelewa. Baba yake kwenye simu anasema "utakavyoona ni sawa", maana yake lawama zitakuwa zangu.

Hanywi, havuti, hatoki usiku, heshima anayo. Sitaki kumvunja moyo, ila sitaki pia kuchezewa akili. Hii ni kazi kweli? Nilipe? Na chuo je?

Mama wa Kifungua Mimba, Morogoro

*

Dada yangu, usitoe hata senti. Nimeanza na hilo kwa sababu huyo bwana ana haraka na mwisho wa mwezi hauko mbali. Mengine tutayazungumza taratibu.

Katika kazi hii timu ndiyo inayomlipa mchezaji. Mshahara, tiketi ya ndege, gharama za viza, malazi, hayo yote ni mzigo wa timu, na yanaandikwa kwenye mkataba ambao mchezaji anausoma kabla ya kutia saini. Tena timu inayomtaka kijana haianzi na usajili, inaanza kwa kumjaribu. Mechi za Counter-Strike huhifadhiwa kwenye faili linaloitwa demo, na kocha anaweza kulifungua akatazama raundi moja moja kupitia macho ya mchezaji yeyote aliyekuwemo. Akipendezwa, anamwita kijana acheze mazoezi na kikosi kwa siku kadhaa, kwa intaneti, akiwa humo humo chumbani kwake nyuma ya duka lako. Hayo hayalipiwi.

Kwa hiyo muulize mwanao maswali mepesi. Timu inaitwaje? Amefanya nayo mazoezi lini, na wale wanne waliocheza upande wake ni akina nani? Kocha ni nani? Wachezaji wa kulipwa hawajifichi. Tovuti ya HLTV inawaorodhesha kwa majina, pamoja na timu walizopitia na mechi walizocheza. Kama kila jibu ni "wakala ndiye anajua", basi hakuna timu. Na timu ya Ulaya inayopokea pesa kwa namba ya simu ya Tanzania, kwa jina la mtu binafsi, hiyo ni mpya kwangu.

Nikutahadharishe na jambo moja ili usije ukamzuilia mtoto kitu halali. Zipo ligi za mtandaoni zinazotoza kiingilio kidogo, na mchezaji anakilipa mwenyewe kwenye tovuti ya ligi. Hicho ni kiingilio cha kushindana, kama timu ya mtaani inavyochangia kuingia kwenye bonanza. Hakimhakikishii mtu mshahara wala viza.

Sasa, ni kazi? Ni kazi. Hapo mwanao hakukudanganya, ila hadithi aliikatia katikati. Huyo kijana anaitwa donk, jina lake halisi Danil Kryshkovets, anatoka Tomsk huko Siberia. Ni kweli kwamba Februari 2024, wiki chache tu baada ya kutimiza miaka 17, alitwaa kombe la Katowice nchini Poland akiwa na Team Spirit, na Desemba mwaka huo huo timu yake ikashinda Major ya Shanghai. Major ndiyo mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huu. Zawadi za jumla siku hizi ni dola 1,250,000, na bingwa anaondoka na 500,000. Alichoruka mwanao ni kwamba donk alikuwa kwenye akademi ya Spirit tangu 2021. Alikuwa na kocha, ratiba, wenzake wa kudumu na timu kubwa iliyokuwa ikimsubiri aive. Mwanao ana kompyuta ya mjomba na LUKU ya mama. Sisemi hivyo kumdharau. Nasema asijipime kwa umri wa mtu ambaye njia yake ilikuwa nyingine.

Kama anataka mfano wa kulinganisha na kesi yake, ampime Mfaransa anayeitwa ZywOo, yaani Mathieu Herbaut. Huyu timu zilimtaka akiwa bado mwanafunzi, akawaambia wasubiri amalize shule kwanza. Alimaliza, akajiunga na Vitality Oktoba 2018, na kwa mwaka wa 2019 HLTV ikamtaja mchezaji bora wa dunia. Hakuna aliyemwambia amechelewa.

Lakini kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni hilo neno "msinunue". Dada, wewe ni mfanyabiashara, hili utalielewa haraka kuliko baba mdogo. Katika Counter-Strike kila mchezaji ana pesa ya ndani ya mchezo, na kila raundi inapoanza anaamua anunue silaha gani. Mechi inaanza kila mmoja akiwa na dola 800, ambazo zinatosha bastola na vitu vidogo. Bunduki ya AK-47 ni 2,700. Ile kubwa ya kulenga mbali ni 4,750. Mkishinda raundi mnalipwa vizuri. Mkishindwa mnapewa kifuta jasho kinachoanza 1,400 na kupanda mpaka 3,400 kadiri mnavyoendelea kufungwa. Mshindi ni wa kwanza kufikisha raundi 13. Sasa timu ikipoteza raundi mbili, wachezaji wanapata hasira, kila mtu anataka kununua kile kidogo anachoweza: mmoja bastola nzuri, mwingine fulana ya kuzuia risasi, wa tatu bunduki ya bei nafuu. Wanafungwa tena, na raundi inayofuata hakuna aliye na kitu. Anayezuia hilo ni mtu mmoja anayejua kila mwenzake ana kiasi gani, anayekisia wapinzani wamebakiwa na nini, na mwenye ubavu wa kuwaambia vijana wanne wenye hasira: tunakaa na bastola zetu, tunapoteza hii, ijayo tunanunua wote pamoja.

Huyo ndiye nahodha, na inaelekea ndiye mwanao. "Wawili Bi, rudini Bi" maana yake ameshasoma kwamba wapinzani wanakwenda kutega bomu eneo la pili na anawahamisha wenzake. Likishategwa, wana sekunde 40 za kwenda kulitegua. Wapiga risasi hodari duniani ni wengi mno, na wengi ni watoto wa miaka 16 na 17 wenye vidole vyepesi. Wanaoweza kupanga watu watano kwa utulivu ni wachache, na hao hawazeeki mapema. Karrigan, Mdenmaki aliyekuwa akiiongoza FaZe, alinyanyua Major yake ya kwanza Antwerp mwaka 2022 akiwa na miaka 32. Desemba 2025, akiwa na 35, alikuwa tena kwenye fainali ya Major huko Budapest, ingawa Vitality iliwafunga. Mwanao ana 19. Kama kweli yeye ni mtu wa kupanga, shahada ya miaka mitatu haimwondolei chochote. Na ukiniuliza mimi, takwimu inamfaa kuliko kozi nyingi, maana timu kubwa zina wachambuzi ambao kazi yao ni kukaa na namba za wapinzani mchana kutwa.

Kuna kizuizi ambacho hakuna aliyekutajia, na kwangu ndicho kikubwa kuliko umri na kuliko chuo. Ni umbali. Kila anachofanya mwanao kinakwenda kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mechi, kisha kinarudi. Muda huo wa kwenda na kurudi wachezaji wanauita pingi na hupimwa kwa milisekunde. Akicheza kwenye seva ya Ulaya kutoka Morogoro inavuka 100 bila shida, huku kijana wa Frankfurt ana chini ya 20. Wakikutana kwenye kona, yule wa Frankfurt akijitokeza anamwona mwanao kabla mwanao hajamwona. Kipaji hakizibi pengo hilo. Kwa Afrika, seva za Valve, kampuni yenye mchezo huu, ziko Johannesburg, na huko ndiko vijana wetu wanakocheza kwa afadhali, nyaya za baharini zikiwa salama. Utakumbuka ule Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika siku moja, tarehe 12, nchi nzima ikabaki inahangaika na intaneti. Siku kama hizo hakuna cha kipaji.

Isitoshe, Valve inapanga timu kwa viwango vya kanda tatu: Ulaya, Amerika na Asia. Orodha ya Afrika haipo. Ndiyo maana Waafrika waliofika walifika kwa kuhama. Bravado ya Afrika Kusini mwaka 2018 ilikihamishia kikosi chake Phoenix, Arizona, kwa sababu ukiwa nyumbani hata uwe mfalme hakuna anayekuona. Mwafrika Kusini mwingine, Johnny Theodosiou, wanamwita JT, alikwenda Marekani, akapita Cloud9, kisha akaiongoza Complexity kwa miaka. Naye ni nahodha, si mpiga risasi wa kutisha. Mwambie mwanao amtafute huyo na kutazama mechi zake badala ya kukutajia donk. Na akitaka kujua kama nchi iliyo pembeni inaweza, awatazame The MongolZ wa Mongolia. Juni 2025 walifika fainali ya Major ya Austin wakafungwa na Vitality michezo miwili kwa mmoja, na Agosti wakatwaa kombe la Counter-Strike kwenye Esports World Cup mjini Riyadh. Lakini wale ni kikosi. Walikua pamoja, wakapanda pamoja. Hakuna aliyewatoa mmoja mmoja kwa WhatsApp.

Tuje kwenye kisu. Hapa namgawia baba mdogo nusu ya haki. Ndani ya Counter-Strike kuna vitu vya pambo, bunduki zenye rangi, glavu, visu. Havimwongezei mtu nguvu, ni urembo tu, ila vinauzwa na kununuliwa, na vingine kwa pesa nyingi. Kuna njia mbili za kukipata kisu. Ya kwanza ni kukinunua au kubadilishana na mtu, kama biashara yoyote. Ya pili ni kununua ufunguo wa karibu dola mbili na nusu, ukafungua kasha ukisubiri bahati. Uwezekano wa kisu kutoka kwenye kasha ni kama asilimia 0.26, yaani kasha moja kati ya karibu 400. Hiyo ya pili baba mdogo ameiita kwa jina lake na mimi sina la kumwongezea. Muulize mwanao kisu alikipataje, na kama ni kwa makasha, alifungua mangapi kabla ya hilo moja. Muulize pia nani alikinunua, kwa sababu pesa ya Steam, soko rasmi la Valve, haitoki humo kuingia kwenye simu. Laki tatu na nusu hiyo ilitoka kwa mnunuzi wa pembeni, na huko pembeni wanaolizwa ni wengi. Tena bei zenyewe hazina msingi wa kutegemea. Oktoba 2025 Valve ilibadilisha kanuni moja ya namna visu vinavyopatikana, na waliokuwa wameweka akiba yao kwenye visu wakaamka bei imeanguka vibaya.

Swali gumu zaidi nakuachia umuulize mkiwa wawili tu, bila baba mdogo, bila wadogo zake. Je, kuna mtu amewahi kumwambia apoteze mechi kwa malipo? Sisemi amefanya. Lakini mechi ndogo za mtandaoni, zenye wachezaji wasiolipwa chochote, ndizo wacheza kamari wanazozizungukia, na nahodha ndiye wa kwanza kufuatwa. Agosti 2014 timu ya Marekani, iBUYPOWER, ilijifungisha makusudi dhidi ya timu dhaifu. Walikuwa miongoni mwa bora wa Amerika Kaskazini. Walichopata hakikuwa hata noti, kilikuwa vitu vya pambo, haya haya mambo ya visu na bunduki za rangi. Siri ilitoka, na Januari 2015 Valve ikawafungia wachezaji wanne wa kikosi hicho. Kwa miaka yote waliyokuwa kwenye ubora wao, Major walizitazama kwenye skrini kama mimi na wewe. Mwanao anaijua hadithi hii, kila mchezaji wa Counter-Strike anaijua. Mwache akusimulie yeye, uone anavyoisimulia.

Nyumbani sasa. Kuhusu mechi kutosimama, anasema kweli. Mechi ya ushindani ikishaanza hakuna kusimamisha ili mtu akauze sukari. Anayetoka anawaacha wenzake wanne wapungufu na mfumo unamfungia: mara ya kwanza nusu saa, akirudia saa mbili, kisha siku nzima, kisha wiki. Mechi moja ni dakika 40 hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo usimwite katikati, ila na yeye asikushtukizie. Akuandikie kwenye karatasi: siku hizi nina mechi na timu, saa hii hadi saa hii. Saa nyingine zote duka linamhitaji. Na huko kukesha hadi saa saba usiku kuishe. Mwaka 2020 wachezaji wawili wa Astralis, timu yenye Major nne, waliomba mapumziko kwa uchovu, na wale walikuwa na daktari na mwanasaikolojia wa kuwaangalia. Kijana anayeingia kulala saa nane za usiku kila siku hawezi kupanga hata kikapu cha soko. Umeme wa kuchezea autoe kwenye pesa ya kisu.

Na chuo aende. Si kwa sababu gemu ni upuuzi, nimeshakuambia si upuuzi. Aende kwa sababu kile anachokihitaji mwaka huu hakihitaji mwaka mzima wa kukaa chumbani. Anahitaji watu wanne wa kudumu, wasiobadilika kila usiku, na ligi moja ya kucheza nao hadi mwisho wa msimu hata wakifungwa. Ngazi ya juu kwenye FACEIT, tovuti ya mechi za ushindani, ambayo najua ameshakutajia, inaonyesha yeye binafsi anapiga vizuri akichanganywa na watu asiowajua. Kwa nahodha hiyo haitoshi. Timu itakayomtazama itataka kuona wenzake wanacheza vizuri zaidi yeye akiwa nao, na hilo linaonekana kwenye mechi nyingi za kikosi kimoja. Chuoni atakutana na vijana wengine wenye kompyuta, na hapo ndipo vikosi vingi huzaliwa. Mkikubaliana, mpe hadi mwisho wa mwaka wa kwanza. Kikosi kikiwa hai na ligi wameimaliza, kaeni tena mzungumze. Kikivunjika baada ya wiki sita, nacho ni jibu, wala hutalazimika kumwambia wewe.

Nitakuomba kitu kimoja ambacho hukukiuliza. Usiku mmoja funga duka mapema, chukua kiti, keti nyuma yake mechi nzima. Usiseme kitu. Mwishoni muulize kwa nini aliwaambia wasinunue ile raundi ya tano. Akikueleza ukaelewa, utajua una mtoto wa namna gani humo ndani kuliko nitakavyokueleza mimi.

Ama wakala, msigombane naye wala msimwambie mmemgundua. Mwanao amwandikie sentensi moja: atume mkataba wenye jina la timu, kutoka barua pepe ya timu, nao utapitiwa na mama yake. Asipojibu, mmemaliza. Akijibu kwa kupunguza bei hadi dola 150, na wengi hufanya hivyo, msifute ujumbe wake wala ile namba ya kulipia. Itumeni namba hiyo kwenda 15040, kule kunakoripotiwa matapeli wa simu, kisha mmfungie.